Ngome za Hungaria kwa jicho la mtu wa Ngomeni

Alhamisi usiku, Budapest

Nimefika na koti la kuazima na miguu iliyovimba kama mihogo. Mpwa wangu alinipokea uwanja wa ndege, akainama akanibusu mkono mbele za watu, na bibi mmoja aliyekuwa akisubiri wageni wake akatabasamu peke yake. Sikujua anatabasamia nini. Nilikuja kuelewa kesho yake.

Kijana huyu ni mtoto wa dada yangu. Ana mwaka wa tatu hapa, anasomea uhandisi wa maji kwa ufadhili ambao serikali ya Hungaria huwapa wanafunzi wa Kenya. Mamake ndiye aliyenituma: "Nenda kaniangalizie anakula nini." Nimeangalia. Anakula vizuri kuliko mimi.

Budapest yenyewe siiandiki, ina waandishi wake wa kutosha. Mimi nimezaliwa Mji wa Kale, Mombasa, karibu na Fort Jesus, mahali tunapopaita Ngomeni. Tangu utotoni siwezi kuona ukuta mnene wa mawe nikapita bila kuuliza ulijengwa kwa kumwogopa nani. Nikamwambia mpwa wangu: madaraja utanionyesha jioni, mchana nataka ngome na vijiji.

Kampuni ya kwanza tuliyoiandikia ilipokea arubuni kisha ikanyamaza. Pesa zilirudi baada ya kijana kupiga simu siku tatu mfululizo. Ndipo akampata mama mmoja, mwalimu mstaafu wa historia, anayetembeza wageni kwa gari lake mwenyewe, wawili watatu tu kwa safari. Bei yake ilinifanya nimeze mate. Mpwa wangu akasema, "Mjomba, basi la watalii litakupa saa moja tu kijijini Hollókő. Huyu mama atakungoja mpaka uchoke." Nikalipa.

Ijumaa: Gödöllő na Hollókő

Alifika saa mbili kamili, wala si dakika moja zaidi. Mpwa wangu alimwamkia kwa neno moja, "Csókolom." Nikauliza ndiyo nini. Kumbe ni kifupi cha "nabusu mkono wako", salamu ambayo watoto na vijana wa huku huwapa wanawake waliowazidi umri. Hutamkwa tu, mkono haubusiwi tena, kama vile sisi tunavyosema shikamoo na hakuna anayeinama kushika miguu ya mtu. Nikamkumbuka yule bibi wa uwanja wa ndege. Alikuwa ameiona salamu yake ikitendwa.

Tukashika barabara kuu ya M3 kuelekea kaskazini-mashariki, na Mwalimu, maana ndivyo nilivyoanza kumwita, akaanza somo. Lugha yao haina undugu na lugha ya jirani yeyote anayepakana nao. Ndugu zake wa mbali ni Kifini na Kiestonia, na wageni wengi huikimbia. Lakini mfano wake wa kwanza ulinichekesha. Ház ni nyumba. Házban ni ndani ya nyumba. "Nyumba, nyumbani," nikamwambia. Akapunguza mwendo. Nikamweleza kwamba nasi tunabandika kipande mwishoni mwa neno na biashara imekwisha. Akauliza: na mkisema "yeye", mnatofautishaje mume na mke? Hatutofautishi. Akapiga usukani kwa kiganja. Kwao pia ni ő tu, awe nani.

Gödöllő iko kilomita kama thelathini tu kutoka mjini. Kasri lake lilijengwa karne ya 18 na bwana mmoja tajiri, Antal Grassalkovich, na mwaka 1867 taifa likampa Franz Joseph kama zawadi alipotawazwa kuwa mfalme wa Hungaria. Aliyelipenda hasa ni mkewe, Elisabeth, ambaye huku wanamwita Sisi kama vile walisoma naye chuo kimoja. Alijifunza Kihungaria akakisema vizuri, alipanda farasi kwenye misitu ya hapa, na vyumba vyake vimepambwa kwa rangi ya zambarau aliyoipenda. Mwaka 1898 mtu alimchoma Geneva akafa. Baada ya vita vikuu vya pili kasri liligawanywa, huku wanajeshi wa Kisovieti, huku makao ya wazee, likachakaa kabisa. Sehemu za kwanza zilifunguliwa tena kwa wageni mwaka 1996.

Kusema kweli makasri hunichosha. Ukishaona kiti kimoja kilichopakwa dhahabu umeviona vyote. Nilikuwa nimekwisha kuanza kutafuta mlango wa kutokea pale Mwalimu alipotaja kwamba upande mmoja wa jengo una jina la Rudolf, mtoto wa kiume wa pekee wa Elisabeth.

"Rudolf yupi?" nikauliza. "Wa ziwa?"

Ndiye. Mimi nilisoma kwa ramani kuukuu ya darasani iliyoandika Ziwa Rudolf juu kabisa kaskazini mwa Kenya, na kwa miaka nilidhani ni jina la mvumbuzi fulani. Mvumbuzi, kama tukubali neno hilo, alikuwa Mhungaria, Sámuel Teleki, aliyefika pale Machi 1888 pamoja na afisa wa jeshi la majini, Ludwig von Höhnel. Waturkana na Waelmolo walikuwa wakiishi kando ya maji yale tangu na tangu. Teleki akalipa ziwa jina la mtoto wa mfalme wake. Rudolf hakulitia machoni, wala hakumaliza mwaka: Januari 1889 alikutwa Mayerling amekufa kwa risasi, pembeni yake msichana aliyekuwa mpenzi wake. Ziwa likabaki na jina la marehemu hadi mwaka 1975, Kenya ilipoliita Turkana.

Mwalimu alikuwa akimjua Teleki vizuri. Aliniambia amemfundisha madarasani miaka na miaka, shujaa wa safari, bwana mnene aliyepungua mwili njiani. Nikamuuliza: na aliyemwonyesha njia? Akanitazama. Nikamwambia msafara ule ulitoka Pangani mwaka 1887 na mamia ya wapagazi, na kati ya walioujua mwelekeo alikuwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu ambaye njia za Umasaini zilikuwa zake kabla ya Teleki kununua viatu vya safari. Jina hilo hakuwahi kulisikia. Hakujitetea. Tulitembea hadi garini hajasema neno, na mpwa wangu akaninong'oneza, "Mjomba, umemfundisha mwalimu." Nikamwambia anyamaze.

Baada ya hapo ni vilima. Tulitoka barabara kuu tukaingia milima midogo ya Cserhát, misitu ikianza kuchipua majani, baridi ya Aprili ikipenya hata kwenye koti la kuazima. Hollókő unaiona ghafla: paa za vigae zilizobanana bondeni, mnara mdogo wa mbao wa kanisa katikati, na juu ya mlima ngome.

Hiki ni kijiji cha Wapalóc, Wahungaria wa kaskazini wenye lafudhi yao na mavazi yao. UNESCO ilikiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1987, miaka 14 kabla ya mji mkongwe wa Lamu. Sehemu ya kale ina nyumba 55 na kanisa, na njia kuu mbili zilizotandazwa mawe. Mimi, kwa ujuzi wangu wote, nilikuwa nimevaa makubadhi. Mawe yale hayana urafiki na makubadhi.

Nilichokuja kukipenda ni baraza. Kila nyumba ina ukumbi mrefu wa mbao wa mbele, wenye paa na kizuizi kilichochongwa nakshi, wanaouita tornác. Mtu anakaa pale anamenya viazi, anamwona kila apitaye, anajua nani amechelewa kurudi. Mtu wa Lamu angekaa hapo bila kuonyeshwa pa kukaa. Kuta za zamani nazo nilizijua nilipozigusa: fito, udongo, kisha chokaa juu, chokaa juu ya chokaa mpaka kona za nyumba zimekuwa mviringo. Ndani, jiko liko katikati, chumba cha heshima upande mmoja na ghala upande wa pili. Kitanda cha chumba cha heshima kimerundikwa mito mpaka karibu na dari na haionekani kama kuna mtu aliyewahi kukilalia.

Mwalimu hakunificha jambo. Kijiji hiki kinachoitwa cha kale kiliungua mwaka 1909. Nyumba zilikuwa zimeezekwa kwa majani makavu, na mtu wa Pwani haelezwi moto wa makuti unavyoruka paa hadi paa. Wenyewe wakajenga upya juu ya viwanja vilevile, kwa umbo lilelile, ila safari hii wakaweka vigae. Basi nyumba nyingi ninazozipiga picha zina umri wa nyanya yake babangu. Nilijiuliza kama nimedanganywa. Nadhani sikudanganywa. Hakuna mchora ramani aliyetumwa kutoka mji mkuu kuwajengea kitu cha kuvutia watalii. Mwaka 1909 watalii walikuwa wapi? Waliunguliwa, wakajenga walichokijua.

Bibi mmoja alikuwa barazani akidarizi vitambaa vyekundu. Mpwa wangu akamsalimu, "Csókolom," na bibi akaacha sindano, akamtazama kijana mweusi mrefu anayemwamkia kwa adabu za mjukuu wake, akaingia ndani akatoka na sahani ya vimkate vya mviringo vya moto. Pogácsa, ndivyo vinavyoitwa. Mkono wangu ulikuwa umekwisha kufika kwenye sahani kijana aliponikanyaga mguu. Vile vilikuwa vimekandwa na vipande vya mafuta ya nguruwe vilivyokaangwa. Bibi alipoelewa hakukasirika, alirudi ndani akaleta vya jibini. Tangu hapo neno langu la kwanza la Kihungaria linalonifaa ni sertés, nguruwe, na hulitamka kwa kuuliza huku nimeinua nyusi.

Alitusimulia pia Jumatatu ya Pasaka, iliyokuwa imepita wiki mbili. Wanaume huwamwagia wasichana maji ya kisima, ndoo nzima, wasichana wakiwa wamevaa mavazi yao ya sherehe, eti wasinyauke kama maua. Nao wasichana huwapa mayai yaliyotiwa rangi. Mijini siku hizi hunyunyiza manukato tu. "Kwetu tuna mrashi kwa kazi hiyo," nikasema, nikaonyesha kwa mkono, na bibi akacheka kabla Mwalimu hajamaliza kutafsiri.

Ngome iko mwendo mfupi wa kupanda kutoka nyumba za mwisho, mfupi kwa mwenye viatu. Ilijengwa karne ya 13 baada ya Wamongolia kuvamia nchi mwaka 1241 na kuichoma karibu yote. Ngome zilizosalimika zilikuwa za mawe, basi mfalme Béla wa Nne akahimiza kila mwenye uwezo ajenge kwa mawe juu ya mlima. Jina lenyewe ni kunguru na jiwe: holló, kő. Wanasema bwana wa hapa aliteka msichana mrembo akamfungia kwenye ngome iliyokuwa ikijengwa. Yaya wa msichana alikuwa mchawi. Akafanya mapatano na shetani, na wana wa shetani wakageuka kunguru, kila usiku wakibeba mawe ya ule ukuta mpaka ngome ikahama yote. Kwa mawe hayo ndiyo ikajengwa hii, juu ya mwamba huu. Msichana je, alitoka? Mwalimu alifikiri kidogo. "Hadithi inajali zaidi ngome," akasema.

Tuliketi ukutani hadi jua likashuka. Hakututazamia saa hata mara moja. Hapo ndipo niliposamehe bei.

Jumamosi: mto Danube

Szentendre tuliipita haraka, ingawa si kosa lake. Mji mdogo mzuri uliojazwa na Waserbia waliokimbia Waturuki mwaka 1690, wakajenga makanisa yao ya Kiorthodoksi na nyumba za wafanyabiashara za rangi ya haradali na waridi. Uwanjani kuna msalaba wa mwaka 1763, ulioinuliwa na wafanyabiashara wa Kiserbia. Siku hizi maduka ya sumaku za kubandika kwenye friji yameushinda mji. Tulinunua lángos, unga uliokandwa ukaachwa uumuke, ukakaangwa katika mafuta mengi, juu yake kitunguu saumu na jibini. Niliuliza neno langu la nyusi kwanza. Ni mahamri yasiyojua sukari wala iliki, na ni matamu.

Visegrád ni jambo jingine. Hapa Danube, iliyokuwa ikienda mashariki, inapinda kuelekea kusini kwa kona kali kati ya milima, na juu ya kona ile, mahali ambapo mtu yeyote mwenye hofu angechagua, kuna ngome. Ni kazi ya Béla yuleyule na malkia wake Maria Laskarina, aliyekuwa binti wa mfalme wa Kigiriki, na inasemwa vito vyake ndivyo vilivyolipia mawe. Wamongolia walikuwa wamekwisha kuondoka. Ngome hizi zote zilijengwa kwa kusubiri warudi.

Mwaka 1335 wafalme watatu walikutana hapa, wa Hungaria, wa Bohemia na wa Poland, wakapatana juu ya mipaka na njia za biashara. Kwa kumbukumbu hiyo nchi hizo zilipounda kundi la ushirikiano mwaka 1991, kundi lilichukua jina la Visegrád. Chini kando ya mto ni kasri la Mátyás király, yaani mfalme Mátyás. Mwalimu alinisahihisha nilipomwita "király Mátyás": kwa Kihungaria cheo hufuata jina, na hata jina la ukoo hutangulia la mtu mwenyewe. Kasri lile lilisifiwa Ulaya nzima kwa chemchemi zake za marumaru nyekundu, kisha Waturuki wakaja, likabomoka, udongo wa mlimani ukalifunika mpaka watu wakaanza kusema ni hadithi tu. Lilifukuliwa kuanzia mwaka 1934. Fikiria kasri zima kupotea chini ya bustani za watu.

Lakini kisa nitakachorudi nacho nyumbani ni cha taji. Taji takatifu la Hungaria lilikuwa likihifadhiwa juu ngomeni. Mwaka 1439 mfalme Albert alifariki, akamwacha malkia Elizabeth mjamzito, na wakuu wakataka kumwoza kwa mfalme wa Poland. Malkia akaamini tumboni mna mtoto wa kiume, na mtoto bila taji si mfalme. Februari 1440 akamtuma mwanamke wa nyumbani kwake, Helene Kottanner, akaliibe. Walikata kufuli usiku, taji likashonewa ndani ya mto wa kulalia wa mahameli nyekundu, wakavuka Danube iliyoganda kwa gari la kuteleza, na barafu ikawapasukia njiani. Usiku uleule Helene alipofika Komárom, malkia akajifungua. Mtoto wa kiume. Alitawazwa akiwa hajatimiza miezi mitatu. Tunayajua haya kwa sababu Helene aliyaandika mwenyewe, moja ya kumbukumbu za kale kabisa zilizoachwa na mwanamke wa Ulaya wa zama zile.

Taji lenyewe halikutulia. Mwaka 1945 liliangukia mikononi mwa Wamarekani, likakaa Fort Knox kwenye dhahabu yao hadi Januari 1978. Sasa liko bungeni Budapest. Nilimwambia Mwalimu kwamba kwetu siwa, baragumu za enzi za Pate na Lamu, nazo zilikuwa hivyo, asiyekuwa nayo hana enzi, na kwamba ile ya Pate, pembe ya ndovu iliyochongwa, sasa iko kwenye makumbusho. "Iliibwa kwa mto wa kulalia?" akauliza. Sikuwa na jibu la kumridhisha.

Hapo juu mpwa wangu, ambaye siku nzima alikuwa mkalimani tu, alipata zamu yake. Akanyoosha kidole ng'ambo ya mto kwenye mji wa Nagymaros. "Mjomba, hapo pangekuwa na bwawa." Mwaka 1977 Hungaria na Czechoslovakia zilitia saini mkataba wa kuijengea Danube mabwawa, moja hapa penye kona. Watu wakaandamana mwaka 1988, wakati ambapo kuandamana Hungaria hakukuwa mchezo, na mwaka 1989 kazi ikasimamishwa. Upande wa pili, Slovakia, walimaliza la kwao. Kesi ikafika mahakama ya kimataifa ya The Hague, ambayo mwaka 1997 iliona makosa kwa pande zote mbili na kuwaambia wakae wazungumze. Chuoni kwake, anasema, hakuna muhula unaopita bila kesi hiyo kutajwa. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba yeye kila akiisoma huona Turkana, ziwa la yule Rudolf, na mto Omo unaolilisha, na bwawa la Gibe III ambalo Ethiopia ililizindua mwaka 2016. Nilimsikiliza kwa namna ambayo sikuwahi kumsikiliza. Mtoto wa dada yangu amekuwa mtu mzima huku ugenini, na sisi tunauliza anakula nini.

Mwalimu naye alikuwa na lake juu ya Nagymaros. Ndiko alikoishi na kufia mwaka 1958 mwindaji Kálmán Kittenberger, aliyekaa miaka mingi Afrika Mashariki akikusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Budapest; simba wa nchi ya Kilimanjaro alimwachia mkono mmoja umepungua kidole. "Sasa niambie," akasema, na nikaona ameanza kunijua, "nani alikuwa akimbebea bunduki?" Nikamwambia huyo simjui jina. Tukacheka wote, lakini si sana.

Esztergom tulifika jioni. Kanisa lake ni kubwa kuliko yote Hungaria, kuba lake linafika mita mia moja kwenda juu, na kwa ladha yangu ni kubwa mno, linakufanya ujione umechelewa kwenye miadi. Nililolipenda ni daraja la chini yake, linalovuka kwenda Slovakia. Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma walililipua mwaka 1944, na kwa miaka 57 nguzo zilisimama mtoni bila kitu juu yake, miji miwili ikitazamana. Lilirudishwa mwaka 2001. Tulitembea hadi ng'ambo, tukagusa nguzo ya taa ya Slovakia, tukarudi. Hakuna aliyetuuliza pasipoti, jambo ambalo mwenye pasipoti ya Kenya hulisikia mwilini.

Jumapili na Jumatatu

Mvua. Makumbusho mengi hufungwa Jumatatu, na makubadhi yangu yamekufa. Nimenunua viatu. Nimempikia kijana pilau kwa bizari niliyoibeba, na wenzake wanne wametokea bila kualikwa, kama inavyotakiwa.

Jumanne: Eger

Hii ndiyo siku niliyokuwa nikiisubiri na kuiogopa. Kila Mhungaria aliyekwenda shule anaijua Eger ya mwaka 1552. István Dobó na watu kama elfu mbili, wakiwamo wakulima na wanawake, walizuia jeshi la Waosmani, ndio hao Waturuki, lililowazidi mara nyingi, siku 39, mpaka baridi ikaingia na wavamizi wakaondoka. Wanawake walimwaga lami ya moto kutoka ukutani. Mvinyo mwekundu wa hapa unaitwa damu ya fahali, kwa kisa kwamba Waturuki waliona ndevu za walinzi zimelowa nyekundu wakadhani wanakunywa damu. Ni kisa cha baadaye, Mwalimu anasema, lakini kinauza.

Nilisimama ukutani nikasikiliza, na ajabu ni kwamba sikujua nisimame upande gani. Adhana iliyokuwa ikisikika kwenye mahema yale chini ni adhana yangu. Na bado mimi ni mtoto wa Ngomeni, najua hofu ya aliye ndani. Nilimweleza Mwalimu kuhusu Fort Jesus: Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, karibu miezi 33, na walioifia ndani hawakuwa Wareno tu, walikuwemo Waswahili wa Faza. Nikamweleza pia kuhusu Mir Ali Bey. Huyu alikuwa nahodha wa Waosmani haohao, aliyefika pwani yetu mwaka 1585, akarudi tena, na watu wa Mombasa wakamfungulia bandari kwa sababu walikuwa wamechoka na Wareno. Wareno wakamkamata mwaka 1589. Kwa kuogopa kwamba atakuja mwingine, mwaka 1593 wakaanza kujenga ngome ambayo mimi nilichezea gololi chini yake.

"Ilikwisha lini kujengwa?" akauliza.

"Inasemwa mwaka 1596."

Akatulia. Mwaka 1596 ndio Eger iliposhindwa. Waosmani walirudi, na safari hii waliokuwa ndani, wengi wao askari wa kukodiwa kutoka nchi nyingine, wakasalimu amri. Waosmani wakakaa hapa miaka 91.

Walichoacha ni mnara. Uko katikati ya mji, mita 40, mwembamba kama kalamu, na wanasema hakuna mnara wa Waosmani uliosalia kaskazini kuliko huu. Msikiti wake ulibomolewa karne ya 19. Basi umesimama peke yake kwenye uwanja mdogo wenye viti na baiskeli. Unakata tiketi, unapanda ngazi 97 zilizobana kiasi kwamba mabega yangu yalikuwa yakipangusa kuta zote mbili. Mwalimu alibaki chini. Alisema alipanda mara moja akiwa msichana na mara moja inatosha. Mpwa wangu alitangulia. Tulipofika kwenye kibaraza cha muadhini hatukuweza kusimama wawili tukageuka; tulisimama mmoja nyuma ya mwingine, tumeshika chuma, upepo ukitupiga. Minara ya makanisa kila upande, na ngome ng'ambo ya paa. Adhuhuri ilikuwa imeingia. Sikuinua sauti, si mahali pake tena. Niliisema kimoyomoyo mpaka mwisho, na kijana, ambaye sikujua kama bado anafuatilia mambo haya, nilimwona midomo inatikisika.

Njiani kurudi, kwenye kituo cha mafuta cha M3, Mwalimu alitoa daftari lake dogo kwenye mkoba. Aliniomba nimtajie tena lile jina la mtu wa Pangani, herufi kwa herufi. Nikamtajia: Jumbe, na kwamba jumbe ni cheo, kiongozi wa mji, kisha Kimemeta. Akaandika polepole kwa mwandiko wa ubaoni, akanigeuzia nisome. Alikuwa ameandika "Kimemeta jumbe". Nilifungua kinywa kumsahihisha, halafu nikamkumbuka Mátyás király. Nikamrudishia daftari, nikamwambia ni sawasawa.